Mkono Haujasema

Siku ya maziko ya mama yake, mtoto hakulia. Alikuwa hajatimiza miaka sita. Alivaa gauni jeusi ambalo baba yake alilishona kutoka kwenye sketi ya marehemu, na wakati wanawake wamejipanga ukutani wakiomboleza, yeye alimvuta baba yake ncha ya shati, akamuuliza nani atamsuka nywele sasa. Baba alijibu, kwa sauti ileile anayowajibia wateja, kwamba atajifunza yeye mwenyewe. Mtoto akaridhika, akaenda kutafuta chai.

Wanawake waliona yote hayo. Mmoja akasema, "Mtoto umleavyo," akaishia hapo. Methali ile haina haja ya kumaliziwa mbele ya mwenye mtoto.

Baba huyo alikuwa fundi wa sare za shule, na watu walimwita Futi. Jina alipewa na mteja mmoja, ndugu wa mbali wa mkewe, aliyebisha kwamba kiuno chake hakijaongezeka hata kidogo tangu suruali ya mwisho. Fundi alimzungushia futi, akamwonyesha namba, akamwambia, "Jicho linadanganya. Futi haina shemeji." Kibanda kizima kilicheka, na tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vitambulisho tu.

Mtoto naye walimwita Kifungo, kwa kuwa alijua kuhesabu vifungo kabla ulimi haujawa mwepesi. Kila alasiri akitoka shule alikaa kwenye benchi la wateja na kopo lake la vifungo mapajani, akivitenga vya matundu mawili na vya matundu manne. Baba yake hakuwa na hadithi za kumsimulia, alikuwa na kazi ya kumwonyesha. Usikisie, alimwambia. Angalia kwanza, ukishaangalia ndipo useme. Walikuwa na mchezo wao: fundi alichora mstari wa chaki kwenye kitambaa, mara nyingine akaupindisha kwa makusudi kiasi cha unywele, na mtoto alitakiwa kuugundua.

"Mstari umepinda, baba," angesema, bila kunyanyua kichwa kwenye kopo.

Fundi angeupangusa na kuuchora upya, akificha tabasamu. Zamani, kabla ya msiba, angejibu, "Ahsante, mama," kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Baada ya msiba aliliacha neno hilo. Akaanza kusema Kifungo, kama watu wengine.

Waombolezaji walipotawanyika, alibaki mama mdogo wa mtoto, mdogo wake marehemu. Alikuwa mwoka mikate katika mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi. Aliolewa, akaachwa, hakujaliwa mtoto. Aliosha masufuria yote ya msiba mpaka yakang'aa, kisha akaikausha mikono, akakaa mbele ya fundi.

"Shemeji," alisema, "sikutukani. Lakini mtoto akikaa na wewe peke yako atakuwa futi kama wewe. Ana hesabu, hana huruma. Mama yake yuko kaburini, yeye anauliza nywele."

Fundi hakukasirika. Alilipima neno lile kama anavyopima kila kitu, akaona haliwezi kupingwa. Mtoto hakulia, ni kweli. Yeye mwenyewe hakulia mbele ya watu, ni kweli pia. Aliomba kitu kimoja: mwaka wa shule uishe kwanza. Kama kufikia hapo Kifungo bado ni mkavu vile, mama mdogo amchukue akamlee, naye hatazuia. Mama mdogo alikubali. Alisema mkono mmoja haulei mwana, na wa kwake ulikuwa haushiki kitu.

Basi fundi akaanza kumchunguza mwanawe, kama mtu aliyeangusha sindano sakafuni na anaogopa kupiga hatua. Alitafuta huruma. Mtoto wa jirani alipoanguka akachubuka goti, Kifungo aliinama akalitazama jeraha kwa makini, akatoa taarifa kwamba damu inatoka upande mmoja tu. Paka wa mtaani alipogongwa, aliuliza kwa nini miguu ya nyuma haisogei. Hakuna hata moja ambalo fundi angeweza kumpelekea shemeji yake likasimama.

Kuhusu yeye mwenyewe, fundi hakuwa mkavu. Alikuwa na mpango tu. Mchana, mtoto akiwa bado shule na wateja wamepungua, alikuwa anaurudisha mlango nusu, anakaa kwenye cherehani ya miguu, anakanyaga. Hakuweka kitambaa wala uzi. Gurudumu lilipiga kelele za kutosha kufunika kila kitu, na akimaliza alifuta uso kwa kipande cha bitana, akaufungua mlango. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikaa fundi viatu, rika lake, aliyeitwa Gundi kwa sababu vidole vyake havikutakata maishani mwake. Gundi aliisikia cherehani kila siku. Sikio la fundi linajua mashine inayokula kitambaa na mashine inayokula hewa.

"Leo umeshona upepo kiasi gani?" aliuliza mara moja kupitia ukutani.

"Gauni na koti lake," alijibu Futi.

Gundi akacheka, akagonga msumari, na tangu hapo hakuuliza tena.

Mwaka wa shule ulikuwa umebakiza wiki chache alipoingia mwanamke mmoja mfupi, mfagizi wa stendi ya mabasi, bado amevaa aproni ya kazi. Alikuwa na wana wawili. Mkubwa alichukuliwa na homa kipindi cha mvua. Hilo alilisema haraka, macho yakiwa ukutani, kama mtu anayetaja jina la mtaa anaokaa. Alileta suruali ya sare ya yule mkubwa ili ipunguzwe, mdogo aanze nayo shule.

Fundi aliitandaza mezani. Ilikuwa ni kazi yake mwenyewe, aliujua mshono. Mkubwa na mdogo wale walipishana sana kimo. Mguu ulikuwa na ziada ya zaidi ya shubiri. Pindo la kawaida la mtoto, lile la kungojea kukua, ni vidole vitatu. Shubiri nzima ukiikunja ndani, mguu unakuwa mzito chini, nguo inaning'inia kama imelowa. Ziada ya namna hiyo hukatwa. Kila fundi anajua hivyo, na fundi huyu alikuwa na sifa ya kutotoa nguo mbaya mlangoni kwake. Alimweleza mama yule, naye akaitikia. Akachora mstari, akachukua mkasi.

Mwanamke alikuwa ameushika mguu wa suruali.

"Kata tu, fundi," alisema.

Fundi akangoja. Mkono haukutoka. Alimwomba kwa adabu aiachie nguo kidogo, akaiachia, na mkasi ulipofika kwenye kitambaa, mkono ukarudi. Akamwomba tena. Akawaza kwamba labda mama hajaelewa, akaanza kumweleza upya habari za uzito wa pindo, maana yeye aliamini kwamba mtu akielezwa vizuri hutulia.

Kopo la vifungo liliwekwa chini. Kifungo akasimama.

"Baba, usikate. Kunja ndani."

"Mama amesema nikate," alijibu fundi.

"Mdomo umesema," alisema mtoto. "Mkono haujasema."

Fundi aliutazama mkono ule kwa mara ya kwanza kama kitu chenye habari, wala si kizuizi. Kucha zilikuwa zimepauka kwa kubana. Akaweka mkasi mezani, mbali. Alifuta mstari wa chaki, akakunja ziada yote ndani, mara mbili, akaishikiza kwa sindano ya mkono, kwa hatua ndefu za uzi, za kufumuliwa kwa urahisi siku yoyote. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote alizofanya mwaka ule. Mguu ulivimba chini kama kifundo cha mgonjwa.

Wakati anashona, Kifungo alisogeza kopo lake akampisha yule mwanamke benchini. Kisha akamuuliza kama yule kaka alikuwa anakimbia sana, maana magoti ya suruali yalikuwa yamepauka. Mwanamke akageuka kumtazama. Akasema ndiyo, alikuwa anakimbia hata akitumwa chumvi, na akirudi amesahau alichotumwa. Akaendelea: jinsi alivyomficha mdogo wake chini ya kitanda, jinsi alivyoogopa bata. Alizungumza mpaka sindano ilipofika mwisho, na Kifungo alisikiliza kwa uso uleule anaotengea vifungo, bila kukatiza. Mwanamke alipoondoka, aliibeba suruali ile ikiwa haijakunjwa, ameilaza mkononi.

Fundi hakumwambia mwanawe kitu. Alikwenda nje, akasimama mbele ya kibanda cha Gundi.

"Una nini?" Gundi aliuliza. "Umeokota hela?"

Futi akamsimulia. Alisimulia kama shahidi, kila kitu kwa mpangilio wake, mkono ulipokuwa, mkasi ulipofika, alilosema mtoto. Mwishoni sauti yake ikafanya kitu ambacho hakikuwa kwenye mpangilio. Gundi alishusha kiatu alichokuwa amekishika.

"Hukumfundisha wewe hilo," alisema.

"Sikumfundisha."

"Basi usijivune sana."

Lakini alijivuna. Jioni ile alimsuka mtoto nywele, mistari iliyonyooka kuliko ya msusi yeyote mtaani, na mara tatu mkono wake ulisimama kichwani pale bila sababu. Alikuwa ameipata sindano yake. Aliiona sura ya shemeji yake akisikia habari ile, na kwa mara ya kwanza tangu maziko alilala bila kuhesabu wiki zilizobaki.

Mama mdogo alifika mwisho wa mwezi, kama alivyofika kila mwezi tangu maziko, na mikate miwili kwenye mfuko wa nguo. Fundi alimsubiri anywe maji, akamsimulia. Hakuongeza kitu. Alipofika kwenye maneno ya mtoto aliyasema yalivyo, mdomo umesema, mkono haujasema, na mama mdogo akaufunika uso wake kwa viganja.

Kisha akasema, "Basi nilikosea, shemeji. Huyo ni dada yangu mtupu. Abaki kwako."

Alinyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi. Kifungo akamfuata, kama alivyomfuata kila mwezi, akasimama kando yake na kitambaa cha kukaushia. Fundi alibaki kitini amejilegeza, mtu aliyemaliza kushona oda ya shule nzima. Alisikia maji yakimiminika, halafu yakanyamaza kwa muda, halafu yakaendelea.

Waliporudi sebuleni mtoto ndiye aliyezungumza.

"Baba, nataka kwenda kwa mama mdogo."

Fundi alidhani anasema kutembea. Akajibu kwamba likizo ikifika watapanga.

"Si kutembea. Kukaa. Nisome kule."

Mama mdogo alishtuka kuliko fundi. Akasema hapana, mwanangu, tumeshamaliza, utabaki na baba. Kifungo alimngoja amalize, kwa adabu, kisha akamgeukia baba yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea kupokea taarifa.

"Mama mdogo analia akiosha vyombo," alisema. "Mikono inasimama majini, halafu analia. Mwezi uliopita pia. Na ule mwingine. Anasema ni sabuni, lakini sabuni ni ileile yetu na mimi silii. Kwake hakuna mtu. Akilia hakuna wa kumpokea sahani."

"Na mimi?" fundi aliuliza. Lilimtoka kabla hajalipima.

Mtoto alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, paji la uso limekunjamana.

"Wewe hulii, baba. Nimeangalia. Wewe una cherehani na una Gundi."

Ndivyo alivyofundishwa. Usikisie, angalia kwanza. Aliangalia mwaka mzima, akaona mmoja analia na mwingine halii, akatoa hukumu ambayo mtu yeyote mwenye haki angeitoa. Kosa halikuwa kwenye upimaji. Kosa lilikuwa kwenye mlango uliorudishwa nusu kila mchana, na gurudumu lililozunguka bila uzi.

Fundi alisema watalala wawaze. Asubuhi mama mdogo aliapa kwamba hajamshawishi mtoto kwa neno hata moja, naye fundi akamwamini, maana mbele yake aliona mwanamke aliyekwisha kukataa zawadi, sasa imewekwa mlangoni kwake, anaogopa kuitazama. Mama mdogo alirudi kwake bila jibu. Kwa juma zima Kifungo hakubadilisha kauli. Hakununa wala hakubembeleza. Aliuliza tu kama kule sare ni za rangi gani.

Gundi ndiye aliyepandisha sauti.

"Mwambie, bwana. Mtoto amepima upande mmoja wa kitambaa, umpe na wa pili. Mwambie baba yako kila mchana anashona upepo. Atabaki leoleo."

"Najua atabaki."

"Sasa unangoja nini?"

Fundi alikuwa ameshaliwaza hilo, mbele na nyuma. Sentensi moja ingetosha, na ilikuwa ya kweli. Lakini alimjua mwanawe sasa. Akishaambiwa, hatamwacha baba, na hatamsahau yule anayelia kwenye maji. Atabaki hapa na nusu yake itakuwa kule. Nguo ikivutwa pande mbili, mshono mzuri hauachii. Kinachochanika ni kitambaa. Na mtoto huyo hakuwa na miaka saba.

"Nikimwambia, nitakuwa nimemtumia," alisema. "Kitu kizuri alichonacho nakigeuza kamba ya kumfungia."

Gundi alitafuta utani, akaukosa. Akasema tu kwamba ukuta utakuwa na kelele sana sasa mchana. Futi akasema hapana, si mchana tu, hatahitaji tena kuingojea saa ya shule.

Alimwandikia shemeji yake kwamba mtoto atakuja, kwa mwaka wa kwanza, na likizo zote atarudi kwa baba yake. Mama mdogo alijibu kwa neno moja la shukrani, na rangi ya sare: kijivu.

Asubuhi ya mwisho kabla ya safari, fundi alimsimamisha Kifungo juu ya benchi la wateja. Sketi ya sare mpya ilikuwa imeshaungwa, limebaki pindo. Mwanga ulikuwa mbaya, wingu limeshuka mpaka kwenye mabati, na ukutani Gundi hakugonga msumari hata mmoja.

"Simama wima, mama," alisema fundi.

Mtoto alimtazama haraka. Neno lile hakuwa amelisikia tangu msiba. Akasimama wima.

Fundi alipima kutoka kiunoni mpaka gotini. Kisha akakunja, si vidole vitatu, bali vinne, halafu akaongeza cha tano.

"Mbona kubwa hivyo?" mtoto aliuliza. "Si itakuwa nzito?"

"Utarefuka."

"Nikirefuka si utanishonea nyingine?"

"Nitakushonea. Lakini kama siku hiyo sipo karibu, mama mdogo ataifumua tu. Hatua ni ndefu, hata mwoka mikate ataweza."

Kifungo alicheka kidogo. Fundi alipiga magoti, akachukua chaki, akaanza kuzungusha mstari. Alikuwa amechora mistari hiyo maisha yake yote. Alichora mingine akiwa na homa, mingine umeme umekatika, na mmoja asubuhi ileile aliyotoka hospitali kuambiwa habari za mkewe, ukanyooka. Huu ulianza vizuri mbele, na ulipofika ubavuni ukashuka. Akauona ukishuka. Mkono haukumsikia.

Alisubiri sauti kutoka juu.

Kifungo alikuwa ameinama anatazama. Aliutazama mstari. Akautazama mkono wenye chaki, muda mrefu, kama alivyoutazama mkono wa yule mama mfagizi. Kisha macho yake yakapanda mpaka usoni kwa baba, ambako hakukuwa na chozi lolote, na yakakaa hapo. Kitu kilipita kwenye paji lake dogo, ile mikunjo ya kupima, na fundi akajua kwamba upande wa pili wa kitambaa umeonekana, bila yeye kuufunua. Akaogopa. Akangoja aseme, siendi.

Mtoto hakusema siendi. Hakusema mstari umepinda. Alishusha mkono wake akauweka juu ya kichwa cha baba yake, palepale baba anapoanzia kumsuka yeye, akauacha hapo.

"Endelea, baba," alisema. "Mimi sichoki kusimama."

Fundi aliendelea. Aliuzungusha mstari mpaka ukakutana na mwanzo wake, umetofautiana kwa nusu kidole, kosa ambalo mtoto wa miaka minne angeliona. Alilishona pindo lilivyo. Hakuna kitu alichowahi kushona ambacho alijivunia kama kile, na alikishona polepole, maana kikiisha ilibaki kufunga sanduku tu.